Kiini Kilichopauka cha Mwezi wa Nane

"Pasua moja nione," mzee alisema.

Alishika noti ya elfu kumi, na alikuwa ameshasema anataka mayai kumi ya kienyeji ya kumpelekea binti yake aliyejifungua. Bei ilikuwa shilingi 600 kwa yai. Mama muuzaji, pale soko la Mwanga hapa Kigoma, akaitazama trei yake: mayai madogo, maganda ya rangi ya maziwa, mengine bado yamegandwa na vipande vya nyasi. Akachagua moja, akaligonga kwenye ukingo wa kikombe cha plastiki. Tuliokuwa karibu tukachungulia sote.

Kiini kilikuwa kimepauka.

"Haya ya kisasa, mama. Umechambua madogo tu."

"Baba yangu, nimeyafuata mwenyewe kijijini. Huu mwezi wa nane, nyasi zote zimekauka. Kuku atakula kijani kipi?"

Mzee akaikunja noti. Akasogea meza ya tatu, kijana akampasulia yai lenye kiini cha njano iliyokolea sana. Mzee akaridhika, akahesabiwa kumi, akaondoka. Mama akafunika kikombe chake kwa kisahani akaendelea na wateja wengine. Shilingi 600 zake zilikuwa mle ndani.

Mayai ya yule kijana nayajua yanakotoka. Yanatoka kwenye banda moja hapahapa mjini, la kuku chotara ambao hawatoki nje na wanalishwa chakula cha mfuko. Si mayai mabaya hata kidogo. Mimi mwenyewe huyanunua kwa ajili ya keki. Ila mzee alitaka yai la kuku anayezurura, akalipata, akalikataa, kisha akalipa bei ileile kwa yai la kuku wa bandani. Kwa sababu ya rangi.

Wiki nyingi zimepita na bado nalifikiria. Tunapotoa 600 badala ya 350 za yai la kisasa, ile 250 ya juu tunalipia nini?

## Njano inatoka wapi

Kuku hatengenezi njano. Anaila.

Majani mabichi, mahindi ya njano, pilipili nyekundu, maua ya aina fulani: vyote hivi vina karotenoidi, rangi zinazoyeyuka kwenye mafuta na kuishia kwenye kiini. Mahindi yetu ni meupe, hayana rangi hiyo ya kutosha. Kwa hiyo kuku wa kisasa anayelishwa mahindi meupe, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, bila jani lolote, atataga yai lenye kiini kilichopauka hata akiwa na afya njema kabisa. Kuku wa kienyeji anayedonoa mchicha wa watu na majani ya kando ya njia atataga kiini cha njano. Ndipo wazazi wetu walipopata kipimo chao, na kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa sahihi.

Tatizo ni kwamba njano inanunulika. Watengenezaji wa vyakula vya kuku duniani wanaipima kwa vipande vya rangi vyenye namba. Kampuni ya Roche ndiyo iliyovieneza, kuanzia namba 1 iliyopauka hadi 15 iliyokolea, na mfugaji anaweza kuamua anataka kiini cha namba ngapi kisha akaongeza kwenye chakula dondoo la maua ya marigoldi au la pilipili nyekundu. Hata bila dondoo, mfugaji wa hapa Gungu akikatakata mchicha au akisaga majani makavu ya lukina, mti wa malisho, wiki mbili hazipiti kabla hajaona tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa ya kiini hujengeka katika siku kumi hivi za mwisho kabla yai halijatagwa.

Kumpa kuku mchicha si udanganyifu. Ningependa kila mfugaji afanye hivyo. Ninachosema ni kwamba rangi inatueleza kuku alikula nini wiki iliyopita, basi. Haituelezi alilala wapi, ni wa damu gani, wala yai lina protini kiasi gani.

Na kiangazi kikifika, kipimo hiki kinamwadhibu mkweli.

## Mzani wa jikoni

Mimi hupika keki za oda, kwa hiyo mzani wa gramu ninao. Nilianza kuyapima mayai kila nikirudi sokoni. Ya kienyeji mengi yanacheza kwenye gramu 40. Ya kisasa yanacheza kwenye 60, na yale ya kuku waliozeeka bandani yanapita hapo, kwa sababu kuku anavyozidi kuwa na umri ndivyo yai lake linavyozidi kuwa kubwa na ganda lake kuwa jepesi.

Piga hesabu. Yai la gramu 40 kwa shilingi 600 ni shilingi 15 kwa gramu. La gramu 60 kwa shilingi 350 halifiki hata shilingi 6 kwa gramu. Tunapohesabu mayai tunaona tofauti ya 250. Tukipima, tunaona tunalipa zaidi ya mara mbili na nusu.

Ulaya mayai ya dukani hupangwa kwa madaraja ya uzito: chini ya gramu 53 ni dogo kabisa, 53 hadi 63 ni la kati, 63 hadi 73 ni kubwa, na kuanzia 73 ni kubwa zaidi. Marekani wanapima dazeni nzima, na dazeni ya daraja la mayai makubwa lazima ifike aunsi 24, karibu gramu 680. Kule ukubwa unapandisha bei. Hapa Mwanga, yai likiwa kubwa kwenye trei ya kienyeji linashukiwa. Udogo wenyewe umegeuka kuwa sifa ya kulipiwa, kwa kuwa tunauchukua kama ushahidi wa kitu kingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mzee wangu hakuwa ananunua chakula peke yake. Alikuwa ananunua ushahidi.

## Mtu aliyepima mboga Boston

Wachumi wameliwaza jambo hili zamani. Mwaka 1928 Mmarekani Frederick Waugh alichapisha utafiti wake wa bei za mboga katika soko la jumla la Boston. Alichukua nyanya, matango na asparagasi, ambayo ni mboga ya vichipukizi, akaandika sifa za kila fungu pamoja na bei yake. Kwenye asparagasi aligundua kuwa bei ilikuwa ikifuata rangi: kadiri sehemu ya kijani ya kichipukizi ilivyokuwa ndefu, ndivyo fungu lilivyouzwa ghali. Mkulima aliyekuwa akisafirisha vichipukizi vyeupe alikuwa anapata bei ndogo.

Mwaka 1966 Kelvin Lancaster akaandika kuwa mteja hatafuti bidhaa yenyewe, anatafuta sifa zilizomo ndani yake. Mwaka 1974 Sherwin Rosen akaonyesha kihesabu namna bei moja ya dukani inavyoweza kuchambuliwa ikawa bei ndogondogo za kila sifa. Tangu hapo watu wamezichambua nyumba, magari, na mayai pia. Rangi ya ganda, ukubwa, namna kuku alivyofugwa, mafuta ya omega-3, jina la kampuni, hata idadi ya mayai kwenye pakiti, kila kimoja kina sehemu yake katika bei.

Kilichonigusa ni kwamba baadhi ya sifa hizo hazimo ndani ya yai kabisa. Rangi ya ganda inatokana na aina ya kuku tu na haibadilishi lishe, ila kuna maeneo wanapenda ya kahawia na mengine wanapenda meupe. Namna ya kufuga nayo, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vile vya zamani vya kubana kuku kuanzia mwaka 2012, na mayai ya dukani kule yanagongwa namba: 0 ni la kilimo hai, 1 la kuku anayetoka nje, 2 la kuku wa ndani anayetembea, 3 la kuku wa vizimba vipya vinavyoruhusiwa. Mteja anayelipa zaidi kwa namba 1 analipia maisha ya kuku. Hiyo ni haki yake, na fedha yake inafanya kazi anayoitaka.

Mzee wa Mwanga naye alilipia maisha ya kuku. Tofauti ni kwamba hakuwa na namba ya kusoma.

## Damu na malezi

Zamani haikuhitajika namba. Kuku wa damu ya kienyeji ndiye aliyezurura, na kuku wa damu ya kisasa ndiye aliyefungiwa. Vitu viwili vilitembea pamoja, ukikiona kimoja umekiona na cha pili.

Chotara wamevitenganisha. Kuroila waliotokea India na Sasso wa Ufaransa wamesambaa nchini, wanataga mayai mengi kuliko kienyeji halisi na wanavumilia mazingira yetu. Kuna chotara wanaozurura shambani na kuna chotara wasiolijua jua. Mayai yao yote yanaishia kwenye meza ileile. Simlaumu mfugaji wa chotara. Anahangaika na bei ya chakula, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote bandani. Ninachotamani kujua ni nani anayepokea ile 250. Kama inamfikia yule ambaye kuku wake anazurura, sawa. Ikipotelea njiani, basi tunalipa ushuru ambao hakuna aliyeupanga.

## Shangazi wa Simbo

Nilipokwenda Simbo kumsalimia shangazi, nilimuuliza kwa nini yai lake ni ghali hivyo, maana kuku wake hawanunuliwi chakula. Nilitegemea aniambie habari za utamu au dawa. Akanijibu kwa hesabu.

"Mwanangu, hili nikikuuzia, nimekuuzia kuku."

Kuku wake anataga mayai kumi na kitu, kisha anaatamia, kisha anazunguka na vifaranga miezi kadhaa bila kutaga. Kwa mwaka kuku wa namna hiyo hutaga mayai kati ya 40 na 60 hivi. Kuku wa kisasa wa mayai anakaribia 300. Na kwa kuwa jogoo yupo, mayai ya shangazi yana mbegu. Kila linalokwenda sokoni ni kifaranga ambacho hakitatotolewa. Hata baada ya kutoa watakaochukuliwa na mwewe na kicheche, bado yai lina thamani kubwa zaidi likiwa chini ya kuku kuliko likiwa kwenye kikaango.

Akaniambia na jambo la pili. Akisikia kideri, ugonjwa unaoua kuku, kimeingia kijiji cha jirani, anauza mayai yote aliyo nayo haraka, hata kwa bei ya chini, kwa sababu kifaranga atakayetotolewa kipindi hicho ana nafasi ndogo ya kuishi. Hivyo bei ya yai lake inapanda na kushuka pamoja na matumaini yake juu ya kuku.

Nilirudi mjini na mawazo tofauti. Nilikwenda nikidhani tunalipia sifa ambayo huenda haipo. Kumbe sehemu kubwa ya bei haitoki upande wa mteja hata kidogo. Inatoka kwa mwanamke ambaye ana kitu bora zaidi cha kufanya na yai lile, na lazima umlipe ili akubali kukuachia.

Binti aliyejifungua hapati lishe ya ajabu kutoka kwenye yai hilo. Anapata yai ambalo mtu amekubali kuachana na kuku kwa ajili yake.

## Mchanga kwenye dagaa

Sisi wa Kigoma si watu wa kudanganywa kirahisi kwenye ubora. Nenda Kibirizi uwaone akina mama wanavyonunua dagaa. Waliokaushwa juu ya chanja wana bei yao, waliomwagwa mchangani wana bei yao ya chini, na hakuna anayehitaji kuandikiwa. Unachukua dagaa mmoja, unamtafuna, mchanga unaukuta kwenye meno. Mtu aliyegharamika kujenga chanja analipwa gharama yake palepale.

Yai limefungwa. Ukilipasua kulijaribu, umeshaliharibu. Na ukilipasua, unaona rangi tu.

## Sifa zisizo na bei

Huku ndiko mawazo yangu yalikoishia, na ndiko kunakoniuma.

Sifa ambayo mimi kama mpishi ningeilipia bila kusita ni siku. Yai limetagwa lini? Ganda lina vitundu vidogo maelfu kwa maelfu; maji yanatoka kidogokidogo, hewa inaingia upande ule butu, ute mzito unalegea na kuwa majimaji. Joto linaharakisha yote hayo, na joto la mwambao wa ziwa mnalijua. Yai la jana likitumbukizwa kwenye maji linalala chini. La wiki kadhaa linasimama wima. Likielea, liweke mbali na unga wako. Yai lililochoka ukilipiga povu lake halidumu, na keki inakuonyesha.

Pamoja na hayo, yai la jana na la wiki mbili yanauzwa bei moja kwenye trei moja. Sijawahi kumsikia muuzaji akisema haya ni ya leo, ongeza hamsini.

Tena kuna jambo linalofanya hali iwe mbaya zaidi. Wateja tunachagua mayai safi, kwa hiyo wauzaji wengine wanayaosha. Yai linatoka kwa kuku likiwa na utando mwembamba unaoziba vile vitundu. Ukiliosha unauondoa. Marekani mayai ya viwandani yanaoshwa kisha yanawekwa kwenye ubaridi mpaka yamfikie mteja. Ulaya mayai ya daraja la kwanza kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa. Sisi tunaosha na kuyaacha juani. Yai lenye kipande cha nyasi, lile ambalo mzee hakulitaka, lilikuwa na kinga yake bado.

Kisha dawa. Nina jirani anayefuga kuku wa mayai hapa Gungu. Kuku wake walipougua aliwapa antibayotiki, na lebo ilisema mayai yasiuzwe mpaka siku kadhaa zipite baada ya dozi kuisha. Alifuata lebo. Nilimwona akifukia mayai mazima nyuma ya banda, trei kwa trei, huku chakula cha kuku akikinunua kwa mkopo. Alipoanza kuuza tena, aliuza kwa bei ileile ya yule ambaye hakufukia hata moja.

Nilisimama pale nikaona kitu ambacho mchumi George Akerlof alikiandika mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na baya, hulipa bei ya kati. Bei hiyo inamtosha mwenye baya na inamuumiza mwenye zuri, na mwenye zuri taratibu anaondoka sokoni. Akerlof alipata Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2001. Jirani yangu hana anachopata kwa kufuata lebo, isipokuwa usingizi.

Tunamlipa mtu kwa njano. Hatumlipi kwa kufukia.

## Penseli

Nilimwendea jirani yangu na pendekezo. Aandike tarehe kwa penseli kwenye kila yai, au angalau kwenye kila trei, nami nitaongeza shilingi 1,000 kwa trei. Na akiwa amewapa kuku dawa aniambie, nisubiri, nisiende kwa mwingine.

Hakufurahi haraka kama nilivyotarajia. Akauliza swali ambalo nilikuwa sijalifikiria.

"Dada, nikiandika tarehe, ya leo utachukua wewe. Ya juzi nitamuuzia nani?"

Ana haki. Sifa ikishaonekana, haipandishi bei ya lililo bora tu, inashusha pia ya lililobaki nyuma. Mayai yake ya siku nne leo yanauzwa kwa bei kamili kwa sababu hakuna anayejua ni ya siku nne. Penseli ingemnyang'anya faida hiyo. Na watakaoitumia vibaya watakuwepo, kwa kuwa penseli inaandika tarehe yoyote unayotaka.

Tulikaa kwenye benchi lake tukatafuta njia. Ya siku tatu na kuendelea yatakwenda kwa kijana wa chipsi mayai wa pale njia panda, ambaye anamaliza trei usiku mmoja na hahitaji ute mzito; kwake bei itapungua kidogo na atachukua kila siku bila kukosa. Yangu yatakuwa yasiyozidi siku mbili. Mimi nitalijaribu moja kwenye maji mbele yake kila ninapochukua, nisimfiche, naye akubali kwamba likisimama wima siongezi ile elfu moja.

Akataka na jambo moja la kwake: wiki za dawa, nimlipe nusu ya nyongeza hata kama sichukui yai, ili gharama ya kufukia isimwangukie peke yake. Nimepiga hesabu ya keki zangu. Inabidi kipande kiongezeke shilingi 50, na wateja wangu wa ofisini wataniuliza kwa nini. Nitawaeleza kuhusu lebo ile.

Tunaanza Jumatatu.